Ukuta Nyuma ya Kitanda cha Bosi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeiweza. Alikuwa macho ya bibi yake. Macho ya Bibi mwenyewe yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na kwa miaka miwili alikuwa akiona mwanga na vivuli tu. Basi asubuhi ukisikia fimbo inagonga sakafu, ko, ko, ko, ujue sauti yake inafuata.

"Macho yangu yameshaamka?"

"Yameamka, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, nipe habari za dunia."

Na Chiriku anampa. Hakuitwa Chiriku bure. Mtoto huyu alipoanza kusema, hata redio ilinyamaza kumsikiliza. Anamwambia Bibi kuna mawingu upande wa barabarani, jirani ameanika mashuka manne na moja lina tundu, na Bosi amevaa kaptura mbele nyuma.

"Nani kakwambia mbele nyuma?" Bosi anafoka. "Ndivyo inavyovaliwa! Nileteeni chai."

Bosi alikuwa mdogo wake, mtoto wa miaka sita, mwembamba, mwenye pumu. Pumzi alikuwa nazo chache, lakini kwa kuamrisha watu, weee! Ndiyo maana mama yao alimbandika jina hilo.

Mama mwenyewe hakuwepo tena. Alifariki miezi saba nyuma, kwa homa iliyoanza kama homa zote na kumaliza kila kitu ndani ya siku tisa. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo. Alikuwa anaondoka wiki mbili na kurudi siku tatu, na siku hizo tatu alikuwa anakaa mlangoni akitazama nje, chai ikipoa mkononi.

Mama alikuwa msafishaji wa ofisi. Huko ofisini magazeti na majarida ya zamani yalikuwa yakitupwa, naye alikuwa anayapekua, anakata picha za nyumba na kuzileta nyumbani ndani ya bahasha ya kaki. Picha za vyumba vyenye rafu, mapazia, vitanda vilivyotandikwa vizuri. "Siku moja na sisi tutahama," alikuwa akisema, kisha anageuza picha na kuandika kitu nyuma yake kwa kalamu ya bluu. Zilikuwa picha kumi na mbili. Alipofariki, bahasha ikawa ya Chiriku. Picha alizitazama mpaka akazijua moja moja. Upande wa nyuma hakuthubutu kuusoma, maana mwandiko wa Mama ulimliza kabla hajafika neno la pili.

Basi wakati huo ndipo mwenye nyumba alipokuja kusema kwamba anaibomoa nyumba ile ajenge maghala. Wahame kabla ya mwezi kwisha. Baba akapigiwa simu, akasikika kwa mbali, injini ikinguruma.

"Mama, chagua wewe," akamwambia Bibi. "Mimi barabara hainiachii. Ila mtazame Bosi, tafadhali. Kifua chake kile."

"Nitachagua," Bibi akajibu. "Nina macho yangu hapa, macho ya miaka kumi na miwili."

Chiriku akasikia raha moyoni. Siku hiyo alitembea shingo juu kama aliyeteuliwa kuwa mwalimu mkuu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nyuma ya karakana ya fundi baiskeli. Fundi mwenyewe aliwafungulia, mikono myeusi kwa grisi, akawasalimia kwa kiwiko. Vyumba vilikuwa viwili vya simenti tupu, bila rangi, sakafu ina mikwaruzo. Bibi akasimama katikati ya chumba, akainua uso.

"Mh! Upepo huu unatoka wapi?"

"Kuna madirisha mawili, Bibi. Moja huku, moja kule. Lakini pabaya! Kuta za kijivu tupu. Kama stoo."

"Na jua?"

"Linaingia," Chiriku akasema kwa shingo upande. Nje nyundo ikagonga pang, pang. Bosi alikuwa ameshakalia baiskeli isiyo na tairi na kumwamuru fundi amsukume.

Nyumba ya pili walionyeshwa na dalali. Loo, mdomo wa yule bwana! Ungeweza kukoroga chai kwa maneno yake bila sukari. "Karibu, bibi yangu, karibu, hii ndiyo ya watu wenye heshima zao." Na kweli ilikuwa imepakwa rangi mpya, buluu ya anga. Chumba cha watoto kilikuwa na rafu iliyojengewa ukutani chini ya dirisha, pana, ya kuweka vitabu au hata kukaa.

Chiriku akasimama akashindwa kusema. Rafu ile ilikuwa kwenye picha ya tatu ya Mama. Ile ile! Akajiona ameketi pale anasoma, na Mama, asijue vipi, yuko karibu. Ni hapa, akajiambia. Mama alikuwa anatafuta hapa.

Ndipo alipoona nyuma ya mlango. Chini, karibu na sakafu, rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Baadhi yalikuwa yamepasuka, na ndani yake kulikuwa na weusi. Akagusa kwa kidole. Ukuta ulikuwa baridi na umelowa. Dalali akamwona, akamkonyeza.

"Kakitu kadogo hako," akanong'ona. "Kakikauka kamekwisha."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, pua juu. "Nasikia harufu kama ya nguo zilizoshindwa kukauka."

"Rangi hiyo, bibi yangu. Mpya kabisa."

"Sikukuuliza wewe, baba. Nauliza macho yangu." Bibi akanyoosha mkono hewani, akaupata wa Chiriku. "Macho yangu, kuta zikoje?"

Chiriku akatazama malengelenge. Akatazama rafu.

"Safi, Bibi. Safi kabisa."

"Mpaka nyuma ya mlango umeangalia?"

"Nimeangalia."

Na ni kweli aliangalia. Hapo hakusema uongo. Bibi akaminya mkono wake, akageuka kwa dalali na kusema, "Basi tunaichukua." Jumamosi iliyofuata wakahamia.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Chiriku alipanga kila kitu kama alivyoona kwenye picha. Vitabu vya shule kwenye rafu, kikombe cha Mama katikati, pazia zito dirishani. Bibi alikuwa anapapasa kila kitu na kumsifu. Kisha mvua zikaanza, na kile kiraka nyuma ya mlango kikaanza kupanda. Siku ya tatu ya mvua kilikuwa kimefika kiunoni kwa Bosi, cheusi chenye manyoya meupemeupe, ukungu mtupu.

Hapo ndipo angesema. Mlango wa kusema ulikuwa bado wazi. Lakini fikiria mwenyewe: mtu aliyekuamini mbele ya dalali, utaanzaje kumwambia? Chiriku alikoroga unga na maji, akapata gundi. Akatoa bahasha ya kaki. Akazibandika picha za Mama moja moja juu ya weusi ule, mpaka zikawa kumi na moja. Ya kumi na mbili akaiacha ndani ya bahasha, maana ilikuwa mbaya. Ilionyesha chumba kitupu tu, kitanda na madirisha, hata zulia hakuna.

Kisha, ili mkono wa Bibi usije ukafika pale, akasukuma kitanda cha Bosi na kukisogeza mpaka kikagusa ukuta.

Bosi akapanda kitandani, akazitazama picha. "Sasa hiki ndicho chumba cha bosi," akasema.

Siku mbili baadaye akaanza kukohoa.

Kwanza kilikuwa kikohozi cha asubuhi tu. Kikawa cha asubuhi na jioni. Kichupa chake cha kuvuta dawa, ambacho zamani kilikaa wiki bila kuguswa, sasa kilikuwa chini ya mto. Bibi alikuwa anaketi pembeni yake akimsugua mgongo, uso umekunjamana.

"Macho yangu," akauliza siku moja, "hakuna unyevu popote humu ndani?"

"Hakuna, Bibi."

Uongo wa kwanza ulimponyoka. Huu wa pili aliutoa kwa nguvu. Usiku huo alitamani mama yake mpaka akauma shuka.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Chiriku alikuwa anaosha vyombo aliposikia Bosi anamwita, lakini si kwa sauti yake. "Nile... nilete..." Hakumaliza. Mtoto aliyeamrisha mtaa mzima alikosa pumzi ya neno moja! Alikuwa ameketi kitandani, mabega juu, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, midomo imebadilika rangi. Kichupa kilikuwa mkononi, kitupu.

"Bibi! Bosi hapumui!"

Akatoka mbio bila viatu mpaka mwisho wa mtaa, kwenye karakana ya fundi baiskeli, mtu mzima wa kwanza aliyemkumbuka. Fundi hakuuliza maswali. Aliitupa tairi aliyoshika, akaja na baiskeli yake, akamfunga Bosi mgongoni kwa shuka na kukata mvua kuelekea zahanati.

Chiriku na Bibi wakafuata kwa miguu. Mkono wa Bibi ulikuwa umemshika Chiriku begani.

"Kuna dimbwi, Bibi. Pita kushoto."

Bibi akapita kushoto.

"Jiwe. Inua mguu."

Bibi akainua mguu. Njia nzima hakusita hata mara moja, hakupapasa kwa fimbo hata mara moja. Kila alichoambiwa alikifuata. Na kila alipokifuata, Chiriku alisikia kitu kinamkata ndani, mpaka akawa anaongoza njia huku analia, na mvua ikamsaidia kuficha machozi.

Zahanati walimkuta Bosi amelazwa, amevalishwa kifuniko puani na mdomoni, moshi mweupe wa dawa unatoka pembeni. Macho yake yalikuwa wazi, makubwa. Muuguzi alikuwa anamshika mkono.

"Mmemwahi," akasema. "Mngechelewa kidogo tu, ningekuwa nawaambia mengine. Analala wapi huyu mtoto? Ukuta una unyevu? Ukungu?"

"Hapana, mwanangu," Bibi akajibu, maji yanamtiririka mtandioni. "Mimi sioni, lakini mjukuu wangu aliikagua nyumba nzima. Huyu ndiye macho yangu. Akisema safi, ni safi."

Chiriku akavumilia, akavumilia, akashindwa.

"Nilikudanganya, Bibi!" Sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ukuta umelowa. Ulikuwa umelowa tangu siku ile. Niliuona, nikaugusa. Nikaufunika, halafu nikasogeza kitanda cha Bosi pale pale ili usiuguse. Mimi ndiye, Bibi. Mimi ndiye niliyemfanya Bosi hivi."

Muuguzi akatazama pembeni. Bibi akauondoa mkono wake begani kwa Chiriku, taratibu, akatafuta ukingo wa kitanda na kuushika huo.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ilikuwa na rafu kama ya kwenye picha ya Mama."

Bibi akageuza uso upande wa Bosi. Afadhali angegomba.

Bosi alibaki zahanati siku mbili. Jioni ya Jumamosi ile ile, Chiriku na Bibi walipofika nyumbani, Bibi alitaka kupelekwa kwenye ukuta. Chiriku akavuta kitanda. Bibi akaweka kiganja juu ya picha, na karatasi ikamfuata mkononi, laini kama utando wa maziwa.

"Hizi ni nini?"

"Picha za Mama."

"Zile za bahasha? Zenye maandishi nyuma?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mama yenu aliandika nini?"

Chiriku akabandua moja, akaigeuza. Wino wa bluu ulikuwa umeyeyuka na kuchanganyika na gundi na ukungu. Akabandua nyingine, na nyingine. Alisoma "hapa" kwenye moja, na kwenye nyingine akaona herufi ya kwanza ya jina la Bosi, basi. Picha kumi na moja, na mwandiko wote umekwenda.

"Sijui," akasema, na hapo akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. "Sijui aliandika nini, Bibi. Sikuwahi kusoma. Nilikuwa naogopa, na sasa hayapo!"

Bibi akaketi sakafuni pale pale, akajifunika uso kwa mtandio. Alikuwa amempenda sana mke wa mwanawe. Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa chumba, mpaka wakachoka.

"Zilikuwa kumi na mbili," Bibi akasema mwishowe.

Chiriku akakumbuka. Akaenda kwenye bahasha, akatoa ile picha mbaya, iliyokauka vizuri kabisa. Safari hii akaigeuza. Bibi alikuwa hana macho mengine ya kusomea, hivyo akajikaza na kusoma kwa sauti.

"'Hii ndiyo hasa. Haina urembo, ila madirisha mawili yanatazamana, hewa inaingia huku na kutokea kule. Kitanda cha Bosi kikae hapa katikati, mbali na ukuta, apumue. Jua lipige godoro kila siku. Urembo nisihangaike nao. Huo atauweka Chiriku, ana jicho zuri huyu mtoto.'"

Akarudia mstari wa mwisho, lakini haukutoka vizuri.

Siku ya pili Bibi alimtumia fundi baiskeli swali moja tu: ile nyumba ya nyuma imeshapata mtu? Ilikuwa bado. Nani angetaka stoo ya kijivu yenye kelele za nyundo? Baba akarudi na lori, akasikia habari yote kutoka kwa Chiriku mwenyewe, maana Bibi alikataa kumsimulia. "Alichosema kwa mdomo wake akitengue kwa mdomo wake," alisema. Baba alimsikiliza akiwa ameinamia magoti yake. Hakumpiga. Alimvuta tu akamkumbatia kwa nguvu, na Chiriku akasikia kifua cha baba yake kinatikisika.

Wakahama tena. Lakini fimbo ya Bibi ilipogonga asubuhi, sauti iliyofuata haikuita "macho yangu" tena. Ilikuwa, "Bosi, kuna mawingu?"

"Yako manne," Bosi alijibu. "Nimeyaambia yaondoke."

Chiriku alikuwa anageukia ukuta akisikia hayo. Hakumlaumu mtu. Akaamua kufanya alichoweza, na alichoweza kilikuwa kazi. Yeye na Baba wakasugua kuta kwa brashi, wakapaka chokaa nyeupe, mara mbili, wakiacha ya kwanza ikauke sawasawa. Madirisha yakafunguliwa kila asubuhi. Godoro la Bosi likatolewa juani, kitanda kikawekwa katikati, hatua mbili kutoka kila ukuta, Chiriku akizihesabu. Fundi akawapa masanduku mawili ya mbao yaliyokuwa na vipuri. Chiriku akayapiga msasa nje, mbali na Bosi, akayapanga moja juu ya jingine yakawa rafu. Gauni la kijani la Mama, jepesi, akalikata na kulishona kwa mkono likawa mapazia mawili. Alipokuwa akilikata alilia kidogo, kisha akaendelea.

Siku Baba alipokuwa anajiandaa kuondoka tena, Bibi alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha watoto. Akainua uso. Upepo ukapita, mapazia yakamgusa shavu, akalishika moja na kulipapasa. Aliijua nguo ile.

"Niambieni, kuta zikoje?" akauliza, bila kumtaja mtu.

Bosi akafungua mdomo, Baba akamziba.

Chiriku akasogea. "Ni nyeupe, Bibi," akasema polepole. "Lakini si sawasawa. Juu pale chokaa imeacha mabaka, ni kosa langu, ngazi haikufika. Kuna ufa mwembamba chini ya dirisha la kulia. Nimeugusa asubuhi na jana jioni, ni mkavu. Nyuma ya mlango nimeangalia na nimegusa, pakavu. Sakafu ina mikwaruzo saba. Rafu imeinama kidogo. Na kuna mjusi, Bibi, anatutazama."

"Mjusi yuko wapi?" Bosi akauliza kwa hasira ya mwenye nyumba.

Bibi akacheka, kicheko cha kwanza tangu ile Jumamosi ya mvua. Kisha akanyoosha mkono hewani, na Chiriku akaukimbilia.

"Sikiliza, mwanangu," Bibi akasema. "Hata mimi nilitaka rafu ile, nilipoipapasa. Kutaka kizuri si kosa. Kosa ni kuona kibaya ukakifunika. Rangi haikaushi ukuta, na picha haikaushi, hata iwe ya mama yako. Maji yanaendelea kupanda nyuma yake, na anayeumia ni yule anayelala karibu. Uongo wako nao ulifanya vivyo hivyo. Nyumba nzuri ni ile ambayo kila aliyemo anapumua bila shida. Ukishapata hiyo, ndipo upambe utakavyo. Mama yako alilijua hilo."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nilikuwa nangoja tu kuona kama yameshapona."

"Nini, Bibi?"

Bibi akajikalisha kwenye kitanda cha Bosi, uso kwenye upepo, akaegemeza fimbo.

"Haya, macho yangu," akasema. "Isome tena ile barua ya mama yenu. Taratibu, Baba naye asikie."

Chiriku akaitoa ile picha moja iliyobaki, akaigeuza, akaanza kusoma.